Mama Ratiba na Bwana Jiwe

Mlinzi wa mlango wa ukumbi alikuwa amekataa katakata. Foleni ilishapinda hadi kwenye ngazi: maprofesa na mikoba yao ya ngozi, mameneja wa viwanda na simu masikioni, vijana wa maabara wakikumbatia mabango yaliyoviringishwa. Wote walikuwa wakimtazama mtu mmoja mrefu aliyesimama mbele kabisa, shati lake limepigwa pasi kifuani tu, begi limemlemea bega.

"Fungua," mlinzi alisema.

"Nimeshakuambia, ndani kuna jiwe."

"Ndiyo maana nakwambia fungua. Mtu na akili zake haji mkutanoni na jiwe."

Hapo ndipo alipoitwa Mratibu.

Alifika kwa haraka ya mtu asiyekimbia. Alivaa gauni la kijani kilichokolea lililomkaa vyema, viatu visivyo na kisigino, na kalamu mbili alikuwa amezichomeka kwenye nywele alizosukia nyuma. Mpango ule mkubwa wa utafiti uliunganisha chuo kikuu na viwanda vya vifaa vya ujenzi, kuanzia saruji na vigae hadi vioo na rangi, na yeye ndiye aliyeshika nyuzi zake zote: nani akutane na nani, ripoti ya nani imechelewa, mgeni yupi hana pa kulala. Maprofesa walijua sayansi na wenye viwanda walijua soko, lakini bila yeye wasingejua hata pa kuketi. Ndiyo maana walimwita Mama Ratiba, ingawa hakuwa na mtoto wala mume.

"Una nini humo, kaka?"

"Jiwe, dada. Naona hapa neno hilo limekuwa tusi."

Akafungua zipu. Ndani ya taulo la kuogea kulikuwa na kipande cha zege cha mraba, kijivu, ukubwa wa mkate.

"Na hili linawasilisha mada gani?"

"Lenyewe ndiyo mada. Mimi nimelisindikiza tu."

Foleni ikaangua kicheko. Mratibu naye akatabasamu, tabasamu la kazini, lile linalofika mdomoni likaishia hapo. Mgeni aliliona. Alikuwa mhandisi wa kiwanda cha saruji, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kutafuta ufa kabla haujaonekana. Akajiambia moyoni: tabasamu hili halina mtu ndani.

"Jina lako halimo kwenye orodha," Mratibu alisema.

"Bosi wangu anaumwa. Nimetumwa badala yake."

"Bosi wako huumwa kila mwaka tukikutana."

"Safari hii kaumwa kweli. Hata mkewe kaamini."

Mratibu akachomoa kalamu moja kichwani, akaandika kwenye kadi tupu, akambandika kifuani. "Pita, Bwana Jiwe. Na hilo jiwe lisikae kwenye kiti, viti havitoshi."

Jina likamganda. Hadi mkutano unakwisha, hata Profesa, mkurugenzi wa mpango wenyewe, alikuwa akimwita hivyo.

Haukupita muda, kiwanda kikampeleka Mhandisi kukaa chuoni moja kwa moja, afanye majaribio ya saruji mpya kwenye maabara ya mpango. Saruji hiyo ilichomwa kwa moto mdogo kuliko ya kawaida, na kila mtu alitaka kujua kama ingeweza kubeba nyumba. Kuanzia siku hiyo simu ya ofisi ya Mratibu haikupoa.

"Ofisi ya uratibu, habari."

"Shikamoo, Mama Ratiba."

"Marahaba, ingawa sina umri huo. Nani mwenzangu?"

"Jiwe."

"Jiwe lipi? Hapa ninayo mengi, mengine yana shahada tatu."

"Lile lililokuja na taulo. Naomba kibali cha kuegesha pikipiki."

"Ulipewa jana."

"Kile kilikuwa cha jana."

"Ni cha mwaka mzima, kaka'angu!"

"Ahaa. Basi nimepiga kusikia sauti tu. Hilo nalo lina fomu yake?"

"Fomu ninazo za kila kitu," alisema Mratibu, akakata simu, akaendelea kuchapa. Aligundua baadaye kidogo kwamba alikuwa amechapa neno "taulo" katikati ya taarifa ya robo mwaka.

Wakaanza kula pamoja mchana, kwenye mkahawa wa chuo, meza ya pembeni karibu na dirisha la kuoshea vyombo ambako hakuna mwingine aliyetaka kukaa kwa sababu ya kelele. Mhandisi alikuwa mcheshi. Alimwigiza Profesa akitafuta miwani iliyo usoni mwake, akamwigiza bosi wake akikohoa kwenye simu. Siku moja aliacha utani ghafla.

"Nikuulize, mpenzi?"

"Tumeshafika kwenye mpenzi?"

"Mimi nimeshafika. Nakusubiri kituoni." Akaweka kijiko chini. "Ukicheka, unacheka kwa heshima. Kama unayepokea zawadi usiyoitaka. Nani kakufanya nini?"

Mratibu alitazama sahani yake. Kisha akamwambia, kwa sauti ile ile ya kusomea ajenda. Mama yake alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka. Ndugu walilia, yeye alipanga. Turubai, viti, magari, nani aseme maneno machache na nani asipewe kipaza sauti kabisa. Watu walimsifu: mtoto huyu kajikaza, mtoto huyu ni nguzo. Juma lililofuata akarudi kazini, na kilio hakikuja. Akakingoja. Badala yake vikaondoka na vingine, kimoja kimoja, kama wageni wanaoaga: hamu ya chakula, raha ya muziki, hata hasira.

"Nimekufa ganzi," alisema. "Nakula kwa sababu saa ya kula imefika."

"Na mimi je? Unakutana nami kwa sababu saa imefika?"

Angeweza kumpa jibu tamu. Alifikiri kweli kweli. "Sijui. Ila nakutana nawe."

Mhandisi akaitikia kwa kichwa polepole. "Basi inatosha kwa kuanzia. Zege likimwagwa leo halibebi nyumba kesho. Linamwagiwa maji, linasubiriwa."

Na alisubiri kweli. Alimsindikiza jioni hadi kwenye lango la nyumba alikoishi na mdogo wake wa kike, muuguzi mwenye mdomo usio na breki, ambaye siku ya kwanza tu alimwita shemeji na kumpa kisu amenyee vitunguu. Alimletea Mratibu kandambili za kubadilisha ofisini. Alimwita "Ratiba wangu", "mama wa shughuli", na akitaka kumchokoza, "mheshimiwa mwenyekiti". Yeye alimwita "jiwe langu" bila kutabasamu, na mdogo wake alisema hilo lilikuwa la kuchekesha zaidi.

"Dada, unampenda?"

"Akichelewa naangalia mlango."

"Hilo siyo jibu."

"Ndilo nililonalo."

Kamati ya uendeshaji ilikutana kwenye chumba cha juu, chenye meza ndefu na kiyoyozi kinacholia kama nzi. Mratibu aliketi kwenye kona yake ya kawaida, akiandika muhtasari. Walipofika kwenye mengineyo, meneja wa kiwanda cha saruji alisafisha koo na kusema kampuni yake inajitoa. Majaribio yasimame mwisho wa awamu. Wafanyakazi waliowekwa chuoni wasiambiwe mpaka wanasheria wamalize, maana habari zikivuja soko litatikisika.

"Wataajiriwa wapi?" Profesa aliuliza.

"Hilo ni letu la ndani."

Wote wakageuka kumtazama Mratibu, kama watu wanaokumbuka kwamba chumbani mna mtu mwingine. Alikuwa amesaini mkataba wa kutunza siri, kama wao wote. Akaitikia kwa kichwa. Kalamu yake haikutetemeka, na hilo ndilo lililomshangaza alipoteremka ngazi: jambo lilikuwa limetua kifuani mwake kama kitabu kinachowekwa mezani, pwaa, basi.

Jioni hiyo hiyo, jua likizama nyuma ya paa za jirani, simu ililia.

"Ratiba wangu! Kaa chini."

"Nimekaa."

"Kampuni yetu imenipa ukuu wa kitengo! Kiwanda kipya, kule mkoani. Nyumba, gari, kila kitu. Wanataka jibu kesho asubuhi."

"Hongera."

"Hongera gani, nataka kukataa." Alikuwa akihema kama aliyepanda mlima. "Sikiliza. Saruji yetu inakaribia kufaulu. Nikiondoka sasa nimeacha mtoto akitambaa. Na wewe uko hapa. Mama yangu naye nimeshamleta, amezoea. Nimejisemea, cheo kitakuja tena. Lakini wewe ndiye mwenye kichwa kilichotulia. Niambie. Nikatae?"

Mdogo wake alikuwa jikoni akiimba vibaya. Mratibu alisimama dirishani, akaona mtu akianua nguo. Neno moja tu lingetosha. Hata kusema "usikatae" bila kueleza. Alilitafuta neno hilo mahali ambapo maneno ya namna hiyo hukaa, akakuta chumba kitupu, kimefagiliwa.

"Fanya unavyoona mwenyewe," alisema.

"Ndivyo ulivyo!" Mhandisi akacheka kwa upendo. "Hunisukumi wala hunivuti. Haya, lala salama, mpenzi wangu."

Hakulala salama wala vibaya, alilala tu. Asubuhi miguu yake ilimpeleka kwa Profesa kabla hajafungua ofisi yake. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Profesa, naomba ruhusa ya kumwambia mtu mmoja."

"Bwana Jiwe?" Mzee akavua miwani. "Binti yangu, ukimwambia mmoja umewaambia wote. Kiwanda kitatushitaki, na mpango wote utaanguka, na wale vijana wengine wa vigae na vioo nao watakosa kazi. Ngoja kidogo. Nitawabana wawaambie wenyewe mapema."

"Anatakiwa kujibu leo."

"Kujibu nini?"

Akamweleza. Profesa akashika simu, akampigia meneja, akazungushwa kutoka kwa katibu hadi kwa msaidizi. Walipokuwa bado wanasikiliza muziki wa kusubirisha, Mhandisi, upande wa pili wa uwanja, alikuwa ameshaandika kwamba anashukuru lakini hataweza.

Tangazo lilitoka majuma machache baadaye. Watu wa saruji waliitwa, wakashukuriwa, wakaambiwa nafasi za kiwanda kipya zimeshajaa.

Mhandisi alimkuta Mratibu maabara, akihesabu makoti ya maabara na funguo za kurudishwa. Mashine kubwa ya kubinyia zege ilikuwa imezimwa, sakafu imejaa vumbi jeupe. Leo shati lake halikupigwa pasi popote.

"Muhtasari wa kamati huwa unaandika wewe," alisema.

"Ndiyo."

"Kikao kilikuwa siku ile niliyokupigia."

"Ndiyo. Mchana wake."

"Kwa hiyo nilipokuuliza, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Vijana wawili waliokuwa wakifunga vyombo walijifanya hawasikii, wakatoka.

"Ulikuwa unajua, ukaniambia nifanye ninavyoona. Mimi niliyekuwa sioni!" Sauti ilimpasuka. "Sikukuuliza siri zao. Nilikuuliza mimi. Ungekohoa tu! Ungesema 'nenda', ningekwenda nikidhani umenichoka, na kazi ningekuwa nayo."

"Niliapa kutunza—"

"Najua uliapa! Ungekuwa unalia sasa hivi ningekuelewa. Lakini tazama ulivyosimama. Unahesabu makoti."

Ni kweli, alikuwa na koti mkononi. Aliliweka chini. Angeweza kusema alikwenda kwa Profesa, lakini aliona ingekuwa kama kutoa risiti.

"Samahani," alisema.

"Hiyo ni ya barua pepe," Mhandisi akasema, akaweka ufunguo wake juu ya mashine, akaondoka.

Mratibu alimaliza kazi. Akafunga awamu ile vizuri kuliko awamu yoyote, wakaguzi walimsifu. Alikula saa ilipofika. Mdogo wake alivumilia kwa muda, kisha siku moja akamzimia televisheni aliyokuwa akiitazama bila kuiona.

"Dada, mwenzio kaenda na unatazama habari za mifugo!"

"Nifanye nini?"

"Mimi nafanya kazi wodini. Mgonjwa anayepiga kelele simwogopi. Namwogopa aliyenyamaza. Wewe unaniogopesha." Akaketi karibu naye, akamshika mguu. "Mama amekufa, dada. Siyo kikao kilichoahirishwa."

Jioni ile, na iliyofuata, mdogo wake alimwona akiichukua simu, akiangalia kioo chake kisicho na kitu, akiirudisha mezani. Tena na tena, kama anayejaribu kidonda kwa ncha ya kidole.

Mhandisi naye alikuwa na siku zake. Alikwenda kwa Profesa kuomba aandikiwe barua ya sifa, na mzee, akitafuta kalamu, akasema tu, "Yule binti alisimama mlangoni hapo siku ile mpaka nikaona aibu. Nimefanya naye kazi miaka, hajawahi kuniomba kitu." Mhandisi akaomba arudie. Profesa akarudia, na mambo ya simu na muziki wa kusubirisha. Mhandisi alitoka akiwa na barua mkononi. Mara nyingi baada ya hapo alilifungua jina la Ratiba kwenye simu, akalifunga. Kiburi kilimwambia: mwenye kosa ndiye apige.

Hakuna aliyepiga.

Jumamosi asubuhi Mratibu alisikia kwa mdogo wake, aliyesikia kwa jirani, kwamba Bwana Jiwe amepata kazi kwenye karakana ndogo ya matofali ya barabarani, mji mwingine, mshahara wa chini, na anahama leo. Akavaa gauni la kwanza lililoshikika, la bluu, kifungo cha juu hakipo. Akasahau kuchana nywele. Mdogo wake alitaka kumwambia, akamfungulia mlango tu.

Lori dogo lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba, godoro limefungwa juu, na mama mzazi wa Mhandisi ameketi kwenye kiti cha plastiki kivulini, akilinda kapu la vyombo. Alikuwa mwanamke mnene mwenye macho ya kukagua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa ratiba?"

"Ndiyo, mama."

"Uliyemfanya mwanangu akatae nyumba na gari."

"Sikumkataza kukataa. Ni mimi, ndiyo."

Mama akamtazama nywele, akamtazama kifungo. "Angalau hukujipamba kuja kuniongopea. Yuko ndani."

Chumba kilikuwa kitupu, kina mwangwi. Mhandisi alikuwa amepiga magoti akifunga sanduku kwa kamba. Hakusimama.

"Profesa aliniambia," alisema, macho kwenye kamba. "Kwamba ulikwenda. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Nilikwenda, nikaambiwa ngoja, nikangoja. Huko ndiko kukutetea?" Alibaki mlangoni. "Ulikuwa na haki. Ningekohoa. Nimelifikiria sana hilo la kukohoa."

Mhandisi akacheka pumzi moja, bila kutaka. Kisha uso ukarudi kuwa mgumu.

"Kilichoniuma siyo kazi. Nilidhani mimi kwako ni sawa na makoti."

"Nilidhani hivyo pia," Mratibu akasema. "Nilidhani hakuna kitu. Kisha simu ikaacha kulia jioni. Nikawa naiangalia. Naiangalia mpaka mkono unauma. Sijalia, usidhani nimelia. Lakini mkono unauma. Hicho ni kitu?"

Alikuwa anauliza kwa dhati, kama anavyoulizwa fundi. Mhandisi akasimama, magoti yake yamejaa vumbi, akauchukua mkono ule na kuutazama pande zote mbili.

"Ni kitu," alisema.

"Ni cha kwanza tangu mama."

Nje lori likapigwa honi. Hakuna aliyegeuka. Mhandisi alikuwa bado ameushika mkono.

"Niliapa nisikusemeshe leo," akasema. "Na sasa nakusemesha jambo kubwa. Huko ninakokwenda nyumba ni ndogo, mshahara mdogo, na mama yangu anakoroma. Sikuombi uache mpango wako. Nakuomba uwe mke wangu, mengine tutayajua baadaye. Lakini sitaki jibu la kamati."

Mratibu alingoja. Alijua kinachotakiwa kutokea kwa mwanamke aliyeulizwa hivyo: moyo kuruka, machozi, miguu kulegea. Alisikiliza ndani, akasikia mbali sana, kama mtu anayetembea chumba cha jirani.

"Usikatae kazi tena kwa ajili yangu," alisema. "Hilo la kwanza. Hili la pili… Ndiyo. Nataka. Lakini furaha bado haijafika, na sitaki kuigiza mbele yako. Ndiyo ichukue sasa hivi, uondoke nayo. Furaha nitakuletea ikifika."

"Na isipofika?"

"Nitakuja hata hivyo."

Mhandisi alimvuta, akamkumbatia na vumbi lake lote, na Mratibu, ambaye kwa miezi alikuwa akikumbatiwa kama mlango, akainua mikono yake miwili na kushika shati lake kwa nyuma.

"Mmemaliza?" mama akaita kutoka kivulini. "Dereva anasema godoro litaungua na jua, na mimi nitaungua nalo!"

"Tunakuja, mama!" Mhandisi akajibu, na hakuachia.